Kitabu Alichoniazima Kundaeli

Ukurasa wa tatu, mtu ameshakufa.
Ukurasa wa mia tatu, bado amekufa
na hakuna aliyekamatwa.
Kundaeli, kitabu gani hiki umeniazima?

Nimekisoma siku nne hapa Pasua,
Julai hii ya manyunyu na sweta mbili,
mlima umejifunika tangu Jumapili
kama shahidi aliyeitwa akajitia ugonjwa.
Humo nako mvua haikatiki. Hakuna anayecheka.
Mpelelezi hali chakula, analewa tu, anautazama ukuta
kurasa sita. Sita! Nilizihesabu,
maharage yakaungua.

Miaka ishirini na saba nilichapa mienendo ya kesi,
wauaji nawajua. Mmoja kila akipandishwa kizimbani
aliniuliza hali ya mguu wangu.
Na wapelelezi nawajua: walikula,
tena walikula, chapati za Mama Ndeshi pale getini,
wakataniana hata wakitoka mochwari.
Mwandishi huyu hajawahi kukalia benchi la korido ile.

Lakini.
Pale mama anapolifua shati la marehemu,
limerudishwa na polisi ndani ya bahasha ya kaki,
analianika, analingoja likauke,
kesho yake analifua tena,
na mwandishi hasemi kitu, anahesabu vibanio tu,
pale nilitoka nje
nikasimama migombani bila viatu.

Kuna jina nililichapa mwaka themanini na tisa.
Kijana wa Kiboriloni. Jalada likafungwa, ushahidi hautoshi.
Niligonga nukta, nikaenda kunywa chai.
Ilikuwa na tangawizi. Hilo nalikumbuka,
sura ya mama yake siikumbuki.

Basi sikipendi. Nimekiweka juu ya kabati, kifudifudi,
usiku nikapanda stuli na mguu huu mbovu
nikakishusha.
Nilitaka pingu, Kundaeli. Nilitaka hukumu isomwe,
watu wasimame, kiti kiburuzwe.
Nilidhani angalau kwenye karatasi nitaipata.
Kimeninyima, wala hakikuomba radhi,
na sijui kama huo ni uhodari au ni ukatili,
au mwandishi alichoka tu kama sisi.

Ukija kukifuata njoo na ndizi, tubishane.
Nitakurudishia, ila si wiki hii.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
utakuta doa, karatasi imejikunja kidogo.
Ni mchuzi.
Iandikwe hivyo.