Nukta Nne Nyeupe

Picha imetoka kabatini, ofisi ya ardhi, Bagamoyo,
imekunjwa mara mbili, ina tundu la msumari pembeni,
na nyuma, kwa wino wa zambarau: futi elfu tatu, asubuhi.
Mwaka umeliwa na mende.

Hili ndilo kanisa la Misheni
lakini sikulitambua.
Mimi nimelizoea kwa shingo:
ukivuka kizingiti kichwa chenyewe kinarudi nyuma,
macho yanapanda nguzo, yanapanda tao,
yanafika pale mawe yanapokutana
kama viganja viwili vya mwenye kuomba,
na bado kuna juu.
Babu alichoma matumbawe kupata chokaa yake,
akakohoa weupe hadi siku ya kuzikwa.

Huku angani hakuna juu.
Rubani amelivua kanisa kimo chake
kama anavyoparwa changu magamba.
Limebaki paa, msalaba uliolala kifudifudi,
na mnara, kijisanduku cha kibiriti.
Madirisha yale ya ncha, yaliyowagombanisha mafundi masika nzima,
hayapo.
Ukitaka kujua mnara ulikuwa mrefu
usiutazame mnara. Tazama kivuli:
kimeanzia ukutani, kimevuka njia ya mikokoteni,
kimekata safu ya minazi,
kimekwenda kujilaza juu ya kiwanja namba kumi na saba.

Kiwanja namba kumi na saba ndicho kilichonileta.

Bwana Ngulwi wa upimaji anaweka rula.
"Mama, hapa hapana nyumba. Naona weusi tu."
Namwambia weusi huo ndio nyumba.
Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali, ndivyo tulivyoambiwa,
ila bibi yangu hakuwa mbali,
alikuwa hatua sitini.
Kila asubuhi giza lile lilimkuta kwenye karai,
naye, mikono imejaa povu, huwaambia watoto:
"Ngojeni, mkubwa anapita."

Ndege ingechelewa robo saa
makuti yetu yangeng'aa, na mlango,
na labda Bi Leokadia mwenyewe, kiganja juu ya paji la uso,
akiuliza nini hicho kinachonguruma.

Haikuchelewa.

Lakini sogeza kioo cha kukuzia, Bwana Ngulwi.
Hapo weusi unapokwisha, ukingoni kabisa:
moja, mbili, tatu,
nne.
"Madoa ya dawa," anasema. "Filamu za zamani ndivyo zilivyo."

Madoa hayajipangi mstari.
Madoa hayaachiani nafasi ya kibanio na kibanio.
Hizo ni kanzu za mapadre wanne,
alizozifua kwa senti na kipande cha sabuni,
akazitia buluu, akazikamua,
akazianika nje ya kivuli, hatua moja tu nje,
maana mpaka wake aliujua
kabla Serikali haijanunua kamba ya kupimia.

Anatafuna kalamu. Feni inazunguka bila upepo.
"Nguo si nyumba," anasema, polepole.
Halafu, kama anayejisemea:
"Ila nguo haziji zenyewe kwa miguu."
Anaandika kitu. Sikioni.

Nimeomba kuishika picha kabla haijarudi kabatini.
Dole gumba langu, sikukusudia,
limefunika kanisa zima.