Spana Namba Thelathini na Mbili

Hakutaka sala. Aliiona kola yangu mlangoni
akageukia ukuta.
"Zipeleke kitanda cha nne, yule ana haraka.
Mimi, kama una mkasi, nikate kucha."

Aloise Nyangweso, wadi ya wanaume, Kisumu,
miaka thelathini na minane karakana ya reli.
Chini ya kila ukucha, ukanda mweusi wa grisi:
sabuni ya muuguzi Khavere ilishindwa nao,
miaka yote ya ustaafu ilishindwa nao.

Nikakata. Kidole gumba kwanza.
Vipande viliruka kama mtama kikaangoni,
nikaviokota shukani kimoja kimoja
nikiwaza: chuoni tulifundishwa mafuta, tukafundishwa mkate,
hakuna aliyetaja kucha.

Jumanne iliyofuata nilirudi. Zilikuwa hazijaota.
Akaninyooshea mkono hata hivyo.

Ndipo alipoanza kunigawia alichokuwa nacho.
"Injini ikiumwa haisemi panapouma.
Inagonga huku, ugonjwa uko kule.
Mwanafunzi hufungua bolti zote.
Fundi huchukua spana ndefu,
ncha moja juu ya chuma, ya pili kwenye mfupa wa sikio,
akafumba macho, akangoja."
"Angoje mpaka lini?"
"Mpaka aache kujisikiliza mwenyewe."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kazini,
hodari wa kufungua bolti.
Umeamkaje? Umewasamehe wote? Tusome zaburi?
Na mtu ananitazama tu
kama gari lililozimika, linalosukumwa na asiye dereva.

Kesho yake, wadi ya kina mama, nikakaa na Nanjala.
Pacha mmoja alikuwa kwenye joto la mashine,
mwingine hakuwapo tena.
Alizungumza juu ya leso.
Leso ya shemeji yake, ya kuazima, imeingia doa,
atairudishaje, watu wa Webuye watasemaje.
Leso, leso, karibu saa nzima.
Nje mvua ya ziwani ilipiga mabati ikapita,
toroli ya chai ikaja ikaenda,
nami sikutaja Mungu.
Sikio kwenye chuma.
Inagonga huku.

Kisha akalisema jina.
Faili iliandika Pacha B, hakuna aliyeuliza zaidi.
Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kupewa,
na sitaliandika hapa.

Hati yangu ya mshahara ina makato ya bima,
makato ya nyumba ambayo sijaiona,
chama cha akiba, mkopo wa pikipiki.
Haina safu ya jina hilo.
Nimeitafuta, kwa mzaha, mwisho wa mwezi,
nikaikunja, nikacheka peke yangu kwenye foleni ya benki.

Nyangweso alikwenda Jumatatu usiku.
Jumanne nilifika na mkasi mfukoni.
Binti yake, Perez, alikuwa akifungua kabati:
ndara, redio isiyo na betri,
na kitu kizito ndani ya taulo.
"Alisema hiki ni cha mchungaji wa kucha."

Sasa kila asubuhi mlinzi wa lango hupapasa mkoba wangu.
"Mchungaji, spana ya nini wadini?"
"Ya kusikilizia."
Huipima uzito mkononi, hutikisa kichwa,
hunirudishia.