Kikombe Kimoja kwa Vitatu

Mama hakucheka waziwazi miaka arobaini.
Huinua kiganja, kama anayefukuza nzi,
kicheko kikapita pembeni, kimechujwa.
Meno yake yana rangi ya chai ya rangi
iliyosahauliwa kikombeni.
Ni kisima cha shule ya bweni, kule Njoro, husema.
Maji matamu, baridi.
Hakuna aliyetuambia.

Hapa Utawala, ghorofa ya tatu,
maji ya kaunti huja Alhamisi, yakipenda.
Siku nyingine tunakunywa mwamba:
kisima cha Bwana Gathungu, mwenye nyumba,
na sufuria yangu hushika ukoko
hata nisiposonga ugali.

Kemunto alipoanza kuota meno ya ukubwani
nikawa nayakagua kila usiku kwa tochi ya simu.
Jino moja lina doa jeupe,
dogo, kama punje ya chumvi.
Nikapeleka chupa maabara. Karatasi ikarudi:
floridi, tatu nukta moja. Kikomo, moja na nusu.
Na nikiyachemsha?
Kijana akatikisa kichwa.
"Utapunguza maji tu, mama. Floridi itabaki, itakolea."

Duka la kwanza River Road:
"Hatua saba! Na taa ya buluu!"
Hatua ya sita inafanya nini?
Akageuza boksi kutafuta jibu.
Duka la nne nikamkuta Mwelu, spana mkononi,
akaniuliza kabla sijauliza:
presha ya nyumba ikoje,
na vikasha vya mwaka kesho utavipata wapi?
"Kununua ni harusi," akasema.
"Kubadilisha vikasha ndiyo ndoa."
Nikachukua ya hatua tano, pampu ndogo,
bila taa, kwa mkopo wa sako.

Sikujua kwamba utando una madaha:
ukikupa kikombe kimoja, umemwaga vitatu.
Usiku wa kwanza nililala nikisikia
bomba jembamba likidondoka kwenye sinki,
kama mtu anayehesabu pesa zangu chini chini.
Sasa linadondokea ndoo.
Ndoo inaingia chooni, inapiga deki ngazi
hadi kwa mama Nafuna, ambaye hajawahi kuuliza.
Mimea, hapana. Nilijaribu.
Mnanaa ulikauka ukiniangalia.

Miezi mitatu, nikafungua kikasha cha kwanza.
Kiliingia cheupe kama soksi za Jumatatu,
kikatoka na rangi ya barabara yetu mvua ikinyesha.
Nikakiweka mezani juu ya gazeti.
Tukakitazama kimya
kama ndugu aliyekunywa sumu kwa niaba yetu.

Mkaa, miezi sita. Utando, miaka miwili, ukitunzwa.
Tarehe naandika kwenye tepu, naibandika ubavuni.
Kemunto ndiye mwenye kipimo:
kila Jumapili hukichovya glasini na kutangaza
ishirini na nane, ishirini na nane, thelathini,
kwa sauti ya msoma taarifa ya habari.

Januari ilikuwa ya karo. Nikasema, mwezi ujao.
Februari, nikasema vilevile.
Arobaini na tano. Sitini na moja. Mia na kumi.
Asubuhi moja nikakuta tepu mpya juu ya ile yangu,
herufi kubwa, wino mwekundu:
MAMA, UTANDO.
Nikauza cherehani ya pili.

Agosti Mama akaja kutuona.
Akanywa glasi nzima, amesimama.
"Hayana ladha," akasema.
"Maji haya hayajui yalikotoka."
Kemunto akaangua kicheko, kichwa nyuma,
meno yote nje, na lile la doa,
na Mama naye kikamshika.
Kiganja kikaanza safari yake ya zamani,
kikafika kidevuni,
kikasimama.

Sikusema kitu. Niliinama chini ya sinki
kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.
Tepu inasema: mkaa, Jumapili ijayo.