Kikoa cha Longton

Tulikuwa watatu tuliolitaka neno moja,
neno la ufinyanzi, likae mwisho wa anwani
baada ya nukta, pale wengine wanapoweka nchi.
Sisi, ushirika wa wafinyanzi arobaini na mmoja;
kampuni ya masinki na vyoo, ng'ambo ya reli;
na kampuni ya Delaware yenye sanduku la posta
na maombi mia mbili na kumi:
neno la mkate, neno la harusi, neno la meno,
kama mtu sokoni anayegusa kila fungu kwa kidole,
hili langu, na hili, na lile pia.

Fomu niliijaza mimi.
Walinichagua kwa uzuri wa mwandiko wangu,
wakasahau kuwa fomu hiyo haiandikwi kwa mkono.
Swali la kumi na nane:
*Kikoa hiki kitamfaa nani?*
Nikacheka peke yangu saa nane za usiku,
mvua ikipiga bati la banda la tanuri.
Kwa mama yangu, kule Siyu, kikoa ni chakula,
leo kwako, kesho kwangu,
na asiye na nyama huleta kuni.
Nikaandika hivyo. Derek Colclough akafuta.
(Hutamkwa Koklii. Herufi nyingine ni mapambo.)
"Somoe," akasema, "hawa wanataka takwimu."

Tukatia takwimu. Tukachanga ada.
Kwetu husema mfinyanzi hulia gaeni;
hapa nimewaona wakilia chipsi karatasini,
rafu nyuma yao zimejaa sahani za kuuzwa.
Mmoja aliuza gari. Wamethodisti walitoa paundi mia tatu
na keki ambayo mnunuzi hakuipata.

Watu wa vyoo walijitoa mapema,
kwa barua ya adabu.
Tukabaki wawili, na kanuni inasema:
msipopatana, mnada.

Mwanasheria wao alitukaribisha hotelini, mkabala na stesheni.
Novemba. Madirisha yanatoka jasho.
Akaeleza kwa upole kwamba neno ni mali kama kiwanja,
na kwamba wao, wakilipata, watatukodisha
kwa bei ya kirafiki, mwaka hadi mwaka.

Glenys Bagnall, miaka sabini na tisa, hakujibu.
Alimaliza chai yake,
akakipindua kikombe juu chini
kama wafanyavyo watu wa mji huu popote,
harusini, hospitalini, hata matangani,
kusoma muhuri.
Akavaa miwani.
Jina la kiwanda kilichofungwa. Mwaka uliofutika nusu.
Na pembeni, kwa rangi ya buluu, nukta.

"Hii yangu," akasema.
"Tulilipwa kwa kipande, kila mchoraji na alama yake.
Doreen msalaba. Avis mkia wa samaki.
Mimi nilichelewa kuajiriwa, alama zilikuwa zimekwisha."
Mwanasheria akaandika kitu kwenye daftari.
Hadi leo natamani kujua aliandika nini.

Mnada ulichukua dakika kumi na moja.
Kila tulipotaja bei, wao walitaja nyingine
bila hata kuvuta pumzi.
Na kwa mapatano ya mnada ule
aliyeshindwa hupewa fedha za mshindi,
kwa hiyo kushindwa kwetu kulitununulia tanuri jipya la umeme.
Derek huligusa kila asubuhi kwa kiganja
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.
Sijui tuite nini jambo hilo.

Neno lenyewe lipo. Ukilifungua
unakuta ukurasa mweupe na bei.

Udongo uwahi ungali maji.
Jumatatu Glenys alikuja na brashi yake kwenye mfuko wa mkate.
Akalaza bakuli mapajani, kitako juu,
akatia nukta.
Nikangoja aandike kinachofuata.
Akaliweka rafuni, akachukua jingine.