Ibara ya Bandari

Mezani pangu Bishkek, ghorofa ya tatu,
nchi saba zimelala kifudifudi kama karata.
Nje theluji, ndani rediata inakohoa,
nami nazifunua moja moja
nikiitafuta yetu.

Nyuzilandi ni mtu wa neno moja:
mkate, asilimia kumi na tano,
almasi, asilimia kumi na tano,
kila kiuzwacho kipite mlango uleule
kisiulizwe ukoo.
Uingereza inagombana na sahani yake:
keki haitozwi,
biskuti ikipakwa chokoleti hutozwa,
na mawakili wazima, wenye watoto nyumbani,
wamebishana kutwa juu ya makombo.
Estonia yasema: faida ikilala ndani ya kampuni
iacheni ilale;
ikiamka kwenda kwa mwenye hisa
ishikeni mlangoni.

Nazipenda zote. Zote zanitisha.

Kisha akaja Wiebe Hoekema, mshauri,
na rasimu ya kurasa mia mbili na kumi
imenyooka kama shati la harusi.
Mtu mwema; alituletea na jibini.
Akatusimulia kwamba mjini kwao, zamani,
nyumba ilitozwa kwa upana wa uso wake,
basi watu wakajenga nyembamba,
kama vitabu vilivyobanana rafuni,
ngazi za kupanda kwa magoti,
na kabati la bibi arusi
likavutwa kwa kamba, likaingilia dirishani.
Tukacheka. Pembeni nikaandika:
sheria hujenga nyumba
ambayo hakuna fundi aliyeichora.

Usiku nikafika ibara ya arobaini na moja.
*Kila chombo kitakachotia nanga
katika bandari yoyote ya Jamhuri
kitalipa ada ya gati kabla ya maji kupwa.*

Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.
Jamhuri gani?
Sisi tuna milima, na nyuma ya milima, milima.
Ziwa tunalo, lakini halijui kupwa wala kujaa.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo,
na hii ilikuwa bado na jina la mwenyewe
limeshonwa ukosini.

Jumamosi nikaenda soko la Dordoi, kwa mama.
Huko maduka ni makontena,
moja juu ya jingine, la chini duka, la juu ghala,
njia baada ya njia za bati na kutu.
Zuurakan binti Asanaly, miaka sabini na miwili,
anauza soksi za sufi na kandambili za manyoya,
hati yake ya kodi ya mwezi
ameibandika karibu na picha ya wajukuu.

Nikamsomea ibara ile ili acheke.
Hakucheka.
Akagonga ukuta wa chuma kwa pete yake, *ngo ngo*.
"Bandari? Mwanangu, umesimama ndani yake.
Kila sanduku hapa lilitia nanga
likashindwa kuondoka."

Akanimiminia chai.
"Huyo mgeni wako, kwao wanatozwa sana?"
Sana, mama. Kuliko sisi.
"Na choo cha soko lao, nani hukifungua?"
Sikujua.
Nilikuwa na viwango vya nchi saba kichwani,
misamaha, vizingiti, tarehe za kuanza,
sikuwa na choo hata kimoja.
"Mimi hulipa hati kila mwezi," akasema,
"na nikibanwa hulipa tena mlangoni.
Hilo nalo likatafutie nchi ya kulilinganisha."

Jumatatu nikaifuta bandari.
Ada, gati, nanga, maji yanayokupwa.
Nikaiacha namba, arobaini na moja,
na chini yake weupe, kama uwanja asubuhi
kabla mtu hajaukanyaga.

Wiebe akapitia kurasa, kidole kikasimama.
Akauliza kwa adabu yake yote:
Begaiym, ibara hii imekwenda wapi?

Nikamwambia: imekwenda sokoni.
Ipo kwenye foleni, na sarafu mkononi.
Tuisubiri.