Chini ya Tao la Tatu

Mto Hesg umepungua. Tumeingia na mabuti ya mpira hadi mapajani,
Emrys na nyundo ndogo, mimi na daftari,
kuligonga daraja la Aberhesg kama daktari agongavyo kifua.
Ngo. Ngo. Jiwe zima hujibu juu.
Jiwe bovu hunong'ona tu: bu.

Ukipita barabarani huoni kitu:
ukuta wa kiuno, kibao cha uzito, tani saba na nusu,
basi la shule likibana pumzi lipite.
Huku chini ndiko daraja linakovua nguo.
Mbavu tano za mawe mekundu ya mchanga,
upana wa farasi mmoja na magunia yake ya sufu;
na ubavuni, baada ya mshono unaopitisha kisu,
daraja la pili, la kijivu, nene,
la wajukuu waliokuwa na magari ya kukokotwa na haraka.
Karne mbili na nusu yanalala kitanda kimoja
na hayajashikana mkono.

Nguzo zimechongoka mbele, zaupasua mto bila kuugombeza.
Juu ya kila pua, kibaraza cha pembe tatu:
hapo mwenda kwa miguu alijibanza, kondoo mia wapite.
Hapo, asema Emrys, mama yake alimjibu baba yake,
mvua ikinyesha, wakilipisha lori la maziwa.
Jibu lilikuwa hapana.
"La pili ndilo lililonizaa."

Kitabu cha hesabu cha kanisa kinasema:
chokaa, shilingi tisa.
Bia ya waashi, shilingi kumi na moja.
Mjane wa Meurig, peni sita,
siku kiunzi cha mbao kilipong'olewa.
Hakisemi aliangukaje. Safu ya sababu haikuchorwa.

Nikaielekeza tochi kileleni.
Mawe arobaini na moja, kila moja lataka kuanguka,
kila moja lamzuia jirani,
na ugomvi huo ndio tunaoukanyaga mpaka leo.
Kwenye jiwe la tisa, mahali paonwapo na maji peke yake,
mshale wenye mguu mmoja mfupi.
Usidhani ni sahihi ya fundi mwenye fahari.
Ni ankara: hili nimelichonga mimi, nilipeni.

Kwetu daraja ni cha kuvukia, na daraja ni cheo.
Nilipoajiriwa walinipa la chini kabisa, mshika ngazi;
mwaka wa tisa huu, sahihi ni yangu.
Emrys ana neno lake, pont, fupi kama kokoto,
halina cheo ndani.

Naandika: *Tao la tatu, jiwe la kumi na nne, kushoto.
Chokaa imelika, kidole chaingia hadi fundo la pili.
Lisijazwe saruji.
Saruji haijui kupumua.*

Juu yetu basi la saa tisa lapita.
Vumbi jekundu lamwagika ukurasani,
juu ya jina langu.
Silipangusi.