Sekunde Arobaini na Mbili

Nilikuwa nachaji simu za watu pale Keshero,
franka mia tano kila moja, jenereta ikikohoa mlangoni,
na mwenye kadi ya memori nilimnakilia katuni.
Ndipo mdogo wangu Kavugho, miaka kumi na mmoja,
alipomwona Yule-wa-Utepe.

Jina lake halisi hatukulishika. Sauti ilikuwa ya Kifaransa,
maandishi ya Kijapani yakidondoka pembeni
kama mvua isiyo na upepo.
Mwanafunzi, sketi ya buluu, kila siku anachelewa darasani
mkate mdomoni.
Mkate mdomoni! Kavugho alicheka hadi akapaliwa.
Sisi tukichelewa, tumechelewa na bidoni kichwani.

Kisha jini linatokea, na msichana anabadilika.
Viatu kwanza. Glavu. Utepe unamzunguka
kama mvuke unavyotafuta njia chini ya kifuniko,
nywele zinarefuka, zinageuka waridi,
na muda wote huo jini limesimama,
makucha juu, mdomo wazi,
kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji bado anaoga.

Kavugho alihesabu. Sekunde arobaini na mbili.
Akarudisha nyuma, akahesabu tena.
"Kaka, kwa nini halimrukii?"
Nikasema: ni adabu za kwao.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Wiki ile mbuzi wawili wa Mama Bwira
walikutwa wamelala shimoni nyuma ya kanisa,
bila jeraha, majani bado menoni.
Mazuku, watu wakasema, wakaendelea kumenya mihogo.
Hapa nani asiyejua?
Hutoka chini ya lava, usiku,
hayana rangi, hayana harufu,
hayana muziki wa kuyatangulia.
Hujaa shimoni kama maji kwenye beseni
na aliye mfupi hufa kwanza.
Aliye mfupi: mbuzi, kuku,
mtoto anayefuata mpira.

"Hili halingoji," Kavugho akasema.
Hakuwa akisema na mimi.

Kesho yake antena ya redio yangu haikuwepo.
Nilitoka nikifoka, maneno makali nimeshayapanga,
nikamkuta ukingoni mwa shimo, jua limekwisha panda,
glavu za hospitali zinampwaya vidoleni,
anapanga mawe meusi, moja, jingine, moja,
na kati ya mawe amechomeka antena yangu,
na juu ya antena, utepe wa waridi
wa gauni lake la komunyo,
lile ambalo mama alililipia kwa miezi minne.

Hakuwa amebadilika hata kidogo.
Nywele zilezile, fupi, za shule.
Goti lilivuja damu; lava hukata.
Nilitaka kumwambia, huo si uchawi, Kavugho,
ni kitambaa tu,
na mama akijua utalala nje.
Akaashiria kwa kidevu
jiwe moja kubwa lililomshinda.
Nikalibeba.

Siku hizi utepe umepauka, una rangi ya ufizi.
Antena imepinda. Redio naisikiliza kwa waya wa kuanikia nguo,
inashika stesheni moja na nusu.
Kavugho anasoma sekondari, anasema katuni ni za watoto,
ingawa nimeona pembeni mwa daftari lake la kemia
msichana aliyechorwa kwa kalamu nyekundu,
magoti yote mawili yana plasta.

Na watoto wa Keshero wana mchezo ambao hawajui ulikotoka.
Wakifika kwenye mawe husimama,
mikono juu, midomo wazi,
wanajifanya jini lile lenye adabu,
wanahesabu kwa sauti,
Kifaransa hadi ishirini, kinachobaki Kiswahili,
arobaini, arobaini na moja,
halafu wanapita njia ya juu.

Mpira mmoja bado uko kule chini, wa njano.
Hakuna aliyeufuata.